Baba wa Kwenye Kishikwambi

Mwalimu Elinipa alifumba macho, akahesabu hadi tano, akayafumbua. Jina lilikuwa palepale, kwenye mstari wa tatu wa kazi ya mwanafunzi wake: Richard Mbise, mpanda miti, Mmeru wa Nkoaranga.

Mliokuwa nasi wiki jana mnajua kwa nini kalamu nyekundu ilimdondoka. Wewe uliyeingia leo, msomaji, jambo lenyewe ni fupi. Richard Mbise ni mume wake.

Elinipa anafundisha Kiingereza kidato cha sita katika shule moja ya binafsi pale Kijenge. Mwanzoni mwa muhula shule ilileta vishikwambi ishirini vyenye programu ya akili mnemba, ile mashine inayozungumza na mtu kama mtu. Kila wiki mwalimu huiandikia maelekezo. Leo wewe ni mtalii aliyepoteza pasipoti. Leo wewe ni daktari. Leo wewe ni meneja wa hoteli unayemfanyia usaili mpokea wageni. Mwanafunzi huongea nayo kwa Kiingereza, nayo humjibu, na mazungumzo yote hubaki kwa mwalimu ili ayasahihishe. Wanafunzi waliipa mashine hiyo jina la Mzungu.

Wiki hiyo igizo lilikuwa la watu wawili kukutana baada ya miaka mingi. Mwalimu aliwaachia wachague wenyewe huyo mwenzao awe nani. Wengi walichagua rafiki wa shule ya msingi. Naserian, binti wa miaka kumi na tisa kutoka Nduruma, mpole hadi unaweza kumsahau darasani, aliiambia mashine iwe baba yake.

Akaipa na maelezo. Jina lako ni Richard Mbise. Miaka ishirini iliyopita ulikuja Nduruma kupanda miti kando ya mifereji ya umwagiliaji. Ulimpenda mama yangu, Nkasiogi. Uliondoka akiwa na mimba ya miezi mitano, ukasema unakwenda nyumbani kuwaambia wazee. Hukurudi. Leo nimekuja ili unione.

Mashine, kwa kuwa iliambiwa iwe baba, ikawa baba. Ilimkaribisha. Ilisema imeifikiria siku hii kila mwaka. Ilimwuliza asubuhi amekula nini, nani alimfundisha kusoma, na kama mama yake ni mzima. Ilimwomba msamaha mara nne, kwa Kiingereza kilichonyooka ambacho Richard Mbise wa kweli hajawahi kukiongea maishani mwake.

Elinipa aliokota kalamu. Akasahihisha makosa mawili ya nyakati za vitenzi, kwa mazoea tu.

Jioni, nyumbani Olmotonyi, alimtengea mumewe chakula. Richard ana kitalu cha miche ya miti nyuma ya nyumba, na alikuwa ameingia na udongo hadi kwenye kope. Elinipa akamwuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kama aliwahi kukaa Nduruma.

Richard aliacha kutafuna. Kisha akasema ndiyo, kabla hawajajuana, mwaka mmoja na nusu hivi, kwenye kazi ya kupanda miti. Joto kali na mbu. Akauliza kwa nini. Elinipa akasema ana mwanafunzi anayetoka huko. Mumewe alimaliza chakula bila kuinua uso, akatoka akisema anakwenda kufunga bomba la kitalu. Elinipa alikuwa amelifunga mwenyewe nusu saa kabla.

Sasa msomaji, ili uelewe kidonda kilipo, lazima ujue nyumba ile ilivyokuwa. Walikuwa wameoana miaka kumi na sita, hawana mtoto. Mama mkwe, Bibi Aikaeli, alikuwa akinunua mizizi kwenye soko la Ngaramtoni, anaichemsha yeye mwenyewe jikoni kwa mkwewe, anasimama hapo mpaka tone la mwisho liishe kikombeni. Kikundi cha akina mama kanisani kilimwekea Elinipa mikono mbele ya ushirika mzima, mara mbili. Kwenye vikao vya ukoo Bibi alikuwa akimtambulisha kwa wageni kama mwalimu wa watoto wa wenzake, na watu walicheka, naye alijifunza kucheka nao.

Richard hakuwahi kumlaumu. Kila walipotoka kwenye kikao alimshika mkono na kumwambia kuwa watoto ni wa Mungu. Elinipa alimpenda kwa maneno hayo manne kwa miaka kumi na sita.

Kama Richard alikuwa na mtoto Nduruma, basi kasoro ilikuwa ya Elinipa kweli. Kila kitu alichoambiwa na mama mkwe kilikuwa cha haki. Na zaidi ya hapo, mume aliyemshika mkono alikuwa akimshika huku akijua.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, alimwita Naserian kwenye korido ya ghorofa ya pili. Alianza na habari za vitenzi. Halafu akamwuliza kama ile habari ameitunga au ni ya kweli. Binti akasema ni ya kweli. Mwalimu akamwuliza kwa nini amwambie Mzungu, kitu kisicho na masikio wala moyo.

"Nikisema baba kwa Kimaasai, nalia," Naserian alisema. "Nikisema kwa Kiswahili, naona aibu. Kwa Kiingereza ni kama naigiza, mwalimu. Sitetemeki."

Akaeleza kwamba amempata. Akiwa kwenye gari la kwenda kwa shangazi yake, njia ya Namanga, aliona kibao kando ya barabara: R. Mbise, miche ya miti, Olmotonyi. Jina lilikuwa lile na kazi ilikuwa ileile. Mama yake alipoambiwa alinyamaza siku mbili, kisha akasema nenda. Angekwenda Jumapili. Alikuwa akifanya mazoezi ili siku atakaposimama mbele ya yule mtu maneno yasimkimbie. Hakuwa na haja ya kitu chake chochote, alisema. Alitaka amwone tu.

Naserian hakujua kuwa mwalimu wake analala chini ya paa lililo nyuma ya kibao kile. Shuleni wote walimwita Mwalimu Elinipa, basi. Wala hakuna aliyewahi kuuliza ni mke wa nani.

"Naomba unisindikize, mwalimu," binti akasema. "Wewe ukiwepo sitasahau maneno."

Elinipa alijibu kuwa Jumapili ana mkutano wa akina mama kanisani. Ulikuwa uongo, na alishangaa jinsi ulivyotoka laini.

Siku tatu hakuzungumza na mumewe zaidi ya salamu. Alimtazama akinywesha miche, akimwaga maji kwa kopo lenye matundu, mti mmoja mmoja kwa upole, akajiuliza mtu anayejua kulea kiasi hicho aliwezaje kumwacha mwanamke mwenye mimba shambani. Hakumwuliza. Akimwuliza angejibu, na akijibu, mambo yangekuwa ya kweli.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kipindi, alifungua upande wa mwalimu kwenye programu. Angeweza kuifuta kazi ya Naserian. Angeweza pia kuiacha kama ilivyo. Badala yake aliandika maelekezo mapya, ya binti huyo peke yake. Baba huyu ana mke na heshima yake. Hamkumbuki mwanamke yeyote wa Nduruma. Binti akiendelea kusisitiza, mwambie asithubutu kuja nyumbani kwako.

Aliyasoma. Akaongeza mkato mmoja mahali ulipokosekana. Akahifadhi.

Kipindi kilipoanza alisimama nyuma ya darasa, akijifanya anaangalia nje. Naserian alivaa vipokea sauti vya masikioni, akasalimia kwa sauti ya chini. Baada ya dakika moja mgongo wake ulikakamaa. Elinipa alingoja machozi. Hayakuja. Binti alifuta, akaanza upya. Akafuta tena, akaanza tena. Kengele ililia, wenzake wakatoka kwenda kunywa uji, yeye akabaki. Alianza mara saba.

Mwalimu aliyasoma mazungumzo yote saba ofisini, chai ikipoa mbele yake.

Mara ya kwanza Naserian alibembeleza, akataja jina la mama yake, na mashine ikasema haimjui mtu huyo. Mara ya pili alitaja mifereji na miti, mashine ikamjibu kuwa wanaume wengi hupanda miti. Mara ya tatu alikasirika, Kiingereza kikamvurugika chote. Mara ya nne na ya tano alijaribu kuwa mcheshi, kisha kuwa mnyenyekevu. Mara ya sita hakusema kitu baada ya salamu, alimwacha Mzungu aongee peke yake mpaka amalize matusi yake ya heshima.

Mara ya saba alisema hivi: sikuja kuchukua kitu. Nimekuja ili unione. Umeniona. Kwaheri.

Elinipa alitafuta kosa la kuwekea kalamu nyekundu. Hapakuwa na hata moja.

Naserian alikuja kurudisha kishikwambi. Akasema kuwa leo Mzungu amemkataa. Mwalimu akamjibu, bila kumwangalia, kwamba mashine hukosea, na kwamba pengine aiahirishe safari ya Jumapili, ajipe muda, amalize mitihani kwanza.

"Hapana, mwalimu. Nilikuwa nimejiandaa kupokelewa tu," alisema. "Sasa nimejiandaa na kukataliwa. Nitakwenda."

Akamshukuru kwa somo. Alimshukuru kwa moyo mmoja, kama mwanafunzi anavyomshukuru mwalimu aliyemsaidia kitu kigumu, akatoka. Elinipa alibaki na kile kishikwambi mapajani mpaka kengele ya kipindi kingine ilipolia mara ya pili.

Jumapili ikafika. Bibi Aikaeli alikuwa na desturi ya kuja kwa mwanawe baada ya ibada, akae sebuleni, aletewe chai, aulize kama kuna jipya. Elinipa alijua jipya maana yake nini. Siku hiyo alikuwa amejifunga kanga, anatoka jikoni na bakuli la loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, Richard akiwa mezani, ndipo hodi ilipopigwa.

Aliitambua sauti kabla Richard hajafungua mlango.

Naserian alikuwa amevaa sare ya shule, sketi imepigwa pasi mpaka inasimama. Alimtazama Richard. Kisha macho yake yakapita juu ya bega la Richard, yakamkuta mwalimu wake na bakuli mkononi.

Elinipa alimwona akielewa. Ulikuwa uso uleule aliouona darasani kila somo gumu lilipomkaa binti huyo kichwani, taratibu, kisha lote kwa mara moja.

"Ni wewe uliyembadilisha baba," Naserian alisema. "Mzungu hakukosea."

Elinipa akaitikia kwa kichwa.

Binti hakupoteza muda naye. Alipiga goti kidogo kwa Bibi Aikaeli, akasema shikamoo bibi, akaitikiwa. Kisha akamgeukia Richard na kuanza kuongea kwa Kiingereza, mikono imeshikamana mbele, sauti haipandi wala haishuki. Richard alimtazama mdomo kama mtu anayetazama maji yakija upande wake.

Bibi Aikaeli hajui Kiingereza. Alisubiri kidogo, akauliza, "Mwalimu, huyu binti anasema nini?"

Hakuna adhabu aliyowahi kupewa Elinipa kubwa kuliko hiyo. Alisimama na bakuli lake akamtafsiria mama mkwe, sentensi kwa sentensi.

"Anasema anaitwa Naserian. Anasema mama yake ni Nkasiogi wa Nduruma. Anasema Richard ndiye baba yake."

Alijua kitakachofuata. Bibi angepiga makofi. Angemshukuru Mungu kwa sauti, angemkumbatia mjukuu, kisha angemgeukia yeye na kumwuliza sasa unasemaje. Miaka kumi na sita alikuwa akiiogopa siku ya namna hiyo.

Bibi Aikaeli hakufanya lolote kati ya hayo. Aliweka kikombe mezani vibaya, chai ikamwagika kwenye kitambaa, na hakuipangusa.

Richard akasema, kwa Kiswahili, "Binti, umekosea mtu."

Naserian akaitikia kwa kichwa. Hiyo alikuwa ameifanyia mazoezi. Akasema zile sentensi zake nne, kwamba hakuja kuchukua kitu, kwamba amekuja ili aonwe, kwamba ameonwa, kwaheri. Akageuka.

Hapo Elinipa akaweka bakuli chini, sakafuni, kwa sababu meza ilikuwa mbali na hakutaka binti afike mlangoni.

"Richard, mkubali mtoto wako," alisema.

Akamwambia kuwa amejua wiki nzima. Kwamba amemkosea binti huyu kosa ambalo hajui atalitubu vipi. Kwamba yaliyotokea kabla hawajajuana hatayauliza leo wala kesho. Chumba cha uani kimejaa viriba vya kuotesha miche na magunia ya udongo; leo hii hii kitafagiliwa, na Naserian akipenda kuja likizo atakuta kitanda. Aliongea mbele ya mama mkwe bila kuulizwa, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, na kadiri alivyoongea aliona mwili unakuwa mwepesi. Alikuwa amekubali. Kasoro ilikuwa yake, basi iwe yake, lakini nyumba ipate mtoto.

Richard hakumtazama mkewe. Alimtazama mama yake.

"Siwezi," alisema.

Elinipa akamwuliza hawezi nini. Richard akaingia chumbani. Walisikia sanduku likiburutwa chini ya kitanda. Aliporudi alikuwa na bahasha ya kaki, kingo zimelainika, akampa mkewe.

Kilikuwa cheti cha hospitali, cha miaka kumi na mitatu iliyopita. Daktari aliandika kuwa mgonjwa aliugua machubwichubwi akiwa darasa la saba, ugonjwa ukashuka kwenye korodani, ukaziharibu. Tangu hapo hakuwa na uwezo wa kuzaa, na hatakuwa nao.

Elinipa alikisoma mara mbili. Kiliandikwa kwa Kiingereza. Hakukuta neno hata moja lililomtatiza.

Richard alianza kueleza. Alisema alikusudia kumwambia tangu siku ileile, kisha ikapita wiki, kisha mwezi, na kila siku iliyopita iliongeza ugumu. Alisema alimpenda. Elinipa alikuwa bado anatazama juu ya karatasi, pale penye tarehe.

"Mwezi huu," alisema, "ndio niliowekewa mikono kanisani mara ya pili. Ulikaa benchi la mbele."

Elinipa akashusha karatasi.

"Mama anajua?"

Bibi Aikaeli ndiye aliyejibu, bila haraka, akiwa amekaa palepale. Alisema yeye ndiye aliyemkataza mwanawe asiseme. Mwanamume akitangaziwa jambo kama hilo, alisema, hainuki tena kwenye ukoo. Mwanamke anaweza kubeba. Na Elinipa alibeba, hakufa.

"Na ile mizizi, mama," Elinipa akauliza. "Ulinichemshia ya nini?"

"Watu walikuwa wanaangalia," Bibi akasema.

Msomaji, nimeandika mengi katika kurasa hizi, na watu wangu wamelia na kupigana na kuvunja vyombo. Elinipa hakuvunja chombo. Alikunja karatasi kwa mikunjo yake ya zamani, akairudisha kwenye bahasha, akamkabidhi mumewe kama anayemrudishia mwanafunzi daftari lake. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Alihesabu kimoyomoyo umri ambao angeweza kuondoka, umri ambao angeweza kuolewa kwingine, umri ambao angeweza kuzaa, na kila umri ulikuwa nyuma yake.

Naserian alikuwa bado mlangoni. Hakuna aliyemkumbuka. Alikuwa ameyasikia yote, na aliyaelewa upesi kuliko alivyotaka. Kwa wiki moja alikuwa amepoteza baba wa kwenye kishikwambi, na sasa amempoteza na huyu mwenye udongo kwenye kucha. Aliuliza polepole, kwa Kiswahili, kama kuna Richard Mbise mwingine Nkoaranga.

Akatoka nje, akamwita mama yake.

Nkasiogi hakutaka kuingia tangu mwanzo. Alimwambia binti yake kuwa atasubiri barabarani, kwenye kibao, kwa sababu miguu yake ilikuwa haimfikishi mlangoni. Sasa aliingia, mwanamke mrefu aliyevaa shuka ya bluu juu ya gauni la kanisani, akasimama kizingitini. Naserian akamwambia kuwa huyu mzee anasema siye.

Nkasiogi alimtazama Richard mara moja tu.

"Kweli siye," alisema. "Richard wangu alikuwa mfupi kuliko mimi."

Aligeuka kumshika binti yake mkono waondoke. Ndipo akamwona Bibi Aikaeli.

Alisimama. Alimtazama yule mama kwa muda mrefu, kofia yake ya kufuma, mikono yake miwili juu ya magoti. Kisha, kwa kuwa alilelewa vizuri, akaanza na salamu.

"Shikamoo, mama."

Bibi hakuitikia.

"Ulinikuta shambani nikiwa na mimba ya miezi saba," Nkasiogi alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, kila neno alilipima kwanza. "Ulisema wewe ni mama yake Richard. Uliniambia Richard amekufa, na kwamba nisije msibani, wazee wasijue."

Kila mtu sebuleni alimgeukia Bibi Aikaeli, na wa mwisho kugeuka alikuwa mwanawe.

"Mama," Richard akasema, "mimi nilikufa lini?"

Bibi alipapasa mkoba wake kutafuta leso, hakuiona.

"Siyo wewe," alisema mwishowe. "Alikuwa Naftali, mdogo wako. Alishika kazi yako ulipoondoka Nduruma, akatumia na jina lako."

Elinipa alikuwa ameolewa katika nyumba ile miaka kumi na sita, amekaa kwenye misiba yao yote na ubarikio wao wote, na siku zote aliambiwa kuwa Richard ni mtoto pekee. Jina la Naftali hakuwahi kulisikia.

Richard alilijua. Aliketi juu ya ukingo wa kiti, bahasha imekunjamana mkononi.

Naserian aliachia mkono wa mama yake, akasogea mpaka katikati ya chumba. Hakutumia Kiingereza safari hii. Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke.

"Bibi, huyo Naftali yu hai?"

Bibi Aikaeli na mwanawe wakatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake aanze kusema uongo.